Jua la Saa Saba

Ukitaka kujua ng'ombe anavyolikabili joto, usimtazame asubuhi. Mtazame saa saba mchana, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa bado hazijagusa ardhi ya Singida, Dodoma au Shinyanga. Kundi lililotawanyika malishoni tangu kutoka zizini sasa limejibana chini ya mgunga mmoja. Wenye ubavu wamejitwalia katikati ya kivuli. Mitamba na ndama wamesukumwa pembezoni, miguu kivulini, mgongo juani. Hakuna anayekula. Wengi wamesimama badala ya kulala, ili upepo uwapite tumboni na mapajani, na mbavu zao zinapanda na kushuka upesi kuliko ilivyokuwa saa tatu. Mpita njia atasema wamepumzika. Ukweli ni kwamba hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote watakazofanya siku hiyo, kazi ya kuuzuia mwili usichemke.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na walio wengi sana ni wa asili, hao wafupi wenye nundu ambao wataalamu huwaita zebu. Kwa miaka mingi nimewasikia wakielezwa kwa upungufu wao: maziwa kidogo, nyama kidogo, hukua taratibu. Yote hayo yana ukweli. Lakini maelezo hayo huacha nje jambo ambalo mfugaji wa nyika hulijua kabla ya jingine lolote, kwamba mnyama huyu hubaki hai, akatembea, akashika mimba na kunyonyesha mahali ambapo ng'ombe wa lita 20 angelala chini kabla jua halijapinda. Tena uwezo huo haumo mwilini mwake peke yake. Lazima apewe nafasi ya kuutumia: saa za kula, kivuli cha kujihifadhi na maji yanayofikika. Vitatu hivyo ndivyo tunavyompunguzia mwaka hadi mwaka, kisha tunamlaumu kwa kutozalisha.

Moto ulio ndani

Joto la kawaida la mwili wa ng'ombe ni nyuzi 38.5 za Selsiasi hivi. Likipanda nyuzi moja na kukaa hapo, hamu ya kula hupungua. Likipanda nyuzi tatu, maisha yamo hatarini. Jua kali la mchana wetu, anga likiwa wazi, hushusha nishati inayokaribia wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na ardhi tupu iliyoungua humrudishia mnyama joto jingine kutoka chini. Hilo kila mtu analiona.

Kisichoonekana ni moto wa ndani. Tumbo kubwa la ng'ombe ni chungu cha togwa kisichopoa: vijidudu visivyohesabika vinachachusha nyasi humo usiku na mchana, na kuchachuka huko hutoa joto. Majani mabichi ya masika humeng'enywa kwa urahisi. Nyasi kavu za kiangazi, ngumu na zenye nyuzi nyingi, humpa lishe haba na kumwachia joto jingi kwa hiyo lishe haba. Kwa hiyo katika miezi ambayo jua ni kali, chakula nacho kinamwongezea moto.

Hapo pia ndipo anaposhindwa ng'ombe wa maziwa mengi. Friesian anayetoa lita 25 kwa siku hula sana, huchachusha sana, na kazi ya kutengeneza kila lita kiweleni huzalisha joto lake. Katika nyanda baridi za Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, alikotoka, joto hilo lilimfaa. Hapa ni mzigo, na njia yake kubwa ya kuupunguza ni kula kidogo. Akila kidogo, maziwa yanashuka. Kwa kawaida mshuko huo huonekana siku mbili hivi baada ya joto kali kupita, hewa ikiwa imeshapoa, na ndiyo maana wafugaji wengi hawaunganishi mambo hayo mawili. Humlaumu muuza pumba, au aliyewauzia mtamba.

Mwili una njia chache za kutoa joto. Upepo ukipita huondoka na kiasi, ardhi yenye ubaridi huchukua kiasi mnyama akiilalia, na ngozi hurusha joto kuelekea anga la usiku. Njia hizi zote hufanya kazi mradi mazingira yawe na ubaridi kuliko ngozi. Hewa ikikaribia nyuzi 35, ambalo ndilo joto la ngozi yenyewe, zinafungwa, na inabaki kukausha maji tu: jasho juu ya ngozi na mvuke kwenye pumzi. Lita moja ya jasho ikikaukia mwilini huondoka na kilokalori 580 hivi za joto. Watu wengi hudhani ng'ombe hatoki jasho kwa kuwa hawalioni likitiririka. Hutoka, tena jingi, ila katika hewa kavu ya nyika hukauka kabla macho hayajaliona.

Kuhema kuna gharama zaidi. Ng'ombe aliyetulia huvuta pumzi mara 20 hadi 40 kwa dakika. Mfugaji hahitaji kifaa chochote kupima hili: simama mbali kidogo usimshtue, tazama ubavu, hesabu kwa dakika moja. Zikizidi 60, ameanza kuelemewa. Zikizidi 80, apelekwe kivulini sasa hivi. Akifungua mdomo, ulimi nje na ute ukidondoka, usimswage hata hatua moja isiyo ya lazima. Kwa kuhema hivyo anapoteza hewa ya kaboni nyingi kuliko kawaida, uwiano wa damu yake unavurugika, na mate ambayo yangetuliza asidi tumboni yanamwagika mchangani. Ndiyo sababu mnyama aliyepigwa na joto mchana anaweza kuonekana tumbo limemchafuka usiku, wakati hatari inadhaniwa imepita.

Zebu huchelewa sana kufika huko. Tezi zake za jasho ni kubwa na nyingi kuliko za ng'ombe wa Ulaya. Manyoya yake ni mafupi, laini, yamelala juu ya ngozi, hivyo upepo unaifikia ngozi na jua linarudishwa lilikotoka. Mwili wake hutumia nishati kidogo akiwa ametulia, kwa hiyo hata moto wa ndani ni mdogo. Maji na majani vikipungua, huushusha moto huo zaidi, akaishi kwa kidogo alicho nacho hadi mvua inyeshe. Wanaompima kwa ndoo ya maziwa peke yake huona hapo kasoro. Mimi naona mnyama aliyekubaliana na nchi yake.

Wengi huonyesha nundu, na ile ngozi inayoning'inia shingoni, wakisema ndiyo mitambo yake ya kujipoza. Dhana hiyo ilipimwa. Mwaka 1958 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwaondolea madume ya Red Sindhi nundu na ngozi hiyo kwa upasuaji kisha kuwaweka kwenye joto. Uwezo wao wa kulihimili haukubadilika kwa kiasi cha maana. Uwezo huo umetapakaa ngozi nzima na mwendo mzima wa mwili.

Rangi nayo ina neno lake. Mwaka 1977 Virginia Finch na David Western, huyu wa pili ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi wa shirika la wanyamapori la Kenya, walichapisha kazi yao juu ya rangi za ng'ombe katika makundi ya wafugaji wa Kenya. Waliona kwamba kadiri nchi inavyozidi kuwa na joto ndivyo ng'ombe wa rangi nyepesi wanavyoongezeka kundini. Ng'ombe mweusi hunyonya jua jingi zaidi. Katika nyanda za juu zenye asubuhi za baridi hilo humsaidia kupata joto mapema, lakini katika tambarare kavu humgharimu maji na majani. Miongoni mwa aina za zebu wa Tanzania zilizoorodheshwa na wataalamu imo inayoitwa Singida White, ng'ombe weupe wa mkoa mkavu wa jua kali. Sisemi kwamba jua ndilo lililowachagua peke yake, kwa maana wafugaji wetu wana mapenzi yao ya rangi, kuna rangi za mahari na rangi za tambiko. Lakini ukame nao hupita kila baada ya miaka kadhaa, na huchagua bila kumuuliza mtu.

Saa za kula

Ng'ombe anayechungwa huhitaji saa 7 hadi 9 za kula nyasi kila siku, na saa nyingi nyingine za kucheua. Akiachwa ajipangie mwenyewe katika nchi ya joto, hula tangu kabla ya mapambazuko hadi jua linapoanza kuchoma, hujificha mchana, hurudi malishoni jioni, na huamka tena usiku wa manane kula kwa muda. Kadiri mchana unavyozidi kuwaka ndivyo anavyouhamishia usiku mlo wake.

Sasa tazama ratiba tunayompa. Katika nyumba nyingi za wafugaji kundi hufunguliwa saa mbili au saa tatu asubuhi, maziwa yakishakamuliwa, na kurudishwa zizini saa kumi na mbili jioni. Zimebaki saa tisa au kumi nje. Toa saa nne za mchana ambazo joto limemzuia kula. Toa saa za kutembea kwenda majini na kurudi, ambazo kiangazi zinaweza kuwa mbili au zaidi. Kinachobaki ni saa tatu au nne za kula. Mnyama huyo analala na njaa kila siku, kisha tunasema mbegu yake ni duni.

Utafiti juu ya jambo hili si mgeni. Mwaka 1960 zilichapishwa taarifa za majaribio ya Afrika Mashariki yaliyolinganisha zebu waliofungiwa usiku na waliochungwa pia usiku, na waliopewa usiku walikua haraka zaidi. Hawakuongezewa pumba wala dawa. Waliongezewa saa tu. Kila ninapowaza fedha zinazotumika kuingiza mbegu za nje, matokeo hayo ya zaidi ya miaka 60 hunirudia kichwani.

Lakini si haki kumdhihaki mfugaji kwa zizi lake. Nje kuna fisi, penginepo simba, na wezi wa mifugo ambao siku hizi huja na malori. Kuna mashamba pande zote, na ng'ombe wa usiku akiingia kwenye mtama wa jirani ugomvi wake unaweza kumwaga damu. Umande nao una hoja, kwa sababu mabuu ya minyoo hupanda nyasi zikiwa zimelowa, na wazee wanaokataza kuwahisha ndama malishoni masika wanajua wanachosema. Isitoshe, watoto wako shuleni, pahali wanapostahili kuwa, na mtu mzima mmoja hawezi kuchunga mchana kutwa na usiku kucha.

Hata hivyo, kati ya zizi la saa 14 na kulala porini kuna nafasi kubwa ya kutumia. Kiangazi umande hakuna, kwa hiyo hofu ya minyoo haina nguvu, na ndicho kipindi chenyewe cha joto. Kundi linaweza kutoka saa kumi na mbili alfajiri. Jioni linaweza kuachwa hadi saa mbili usiku katika eneo lililotengwa karibu na kaya. Wasukuma wana ngitili na Wamasai wana alalili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Maeneo hayo yakiwa karibu na nyumbani, na yakiwa na mtu wa kuyalinda, hufaa mno kwa hizo saa mbili za jioni. Zaidi ya hapo, kamwe usiogeshe, usichanje wala usipige chapa saa sita mchana. Kazi zote za kuwakusanya na kuwakimbiza ng'ombe zimalizike kabla ya saa tatu asubuhi. Nimeona chanjo ya kijiji kizima ikianza saa tano kwa sababu tu gari la dawa lilichelewa, na wanyama wakabanwa kwenye kibano juani hadi saa nane. Chanjo ile ilikuwa na faida. Bora zaidi ingeahirishwa hadi alfajiri ya kesho yake.

Maji huenda pamoja na saa. Zebu wa kilo 250 katika kiangazi cha joto hunywa lita 25 hadi 30 kwa siku, akiwa ameyapata. Wasipoyapata kila siku, ng'ombe wa nyika wana ustahimilivu wa ajabu. Kusini mwa Ethiopia, Waborana hunywesha ng'ombe wao kwenye visima virefu ambavyo watu husimama kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo huku wakiimba. Kazi hiyo ni nzito kiasi kwamba kiangazi kundi hupata maji kila siku ya tatu. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia ng'ombe hao wa Boran, wakawalinganisha na wenzao waliokunywa kila siku. Wa siku ya tatu walikula kidogo zaidi na kunywa pungufu sana kwa jumla, lakini hawakuporomoka. Nao waliweza kufika malisho ya mbali ambayo kundi la kunywa kila siku lisingeyafikia. Wafugaji wale walikuwa wamekwisha kuipima hesabu hiyo kwa vizazi.

Hilo lisitufanye tumwone ng'ombe ni ngamia. Huko Samburu, kaskazini mwa Kenya, wafugaji wengi wameanza kuchanganya ngamia katika mifugo yao kwa sababu wameona mipaka ya ng'ombe kwa macho yao. Ukame wa mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya. Wengi walikufa kwa njaa. Joto lilikuja kukikamilisha kifo hicho, kwa sababu mnyama mwenye njaa bado anadaiwa maji ya jasho kila mchana, na hana tena anachoyalipia.

Kivuli kilichokatwa

Mkoa wa Shinyanga unafundisha kuhusu kivuli kuliko kitabu chochote. Tangu miaka ya 1920, chini ya Charles Swynnerton aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika, vichaka na miti vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kumnyima mdudu huyo makazi. Ugonjwa wa nagana anaoueneza ulipungua kweli, na ng'ombe wakaongezeka. Kilichofuata ni pamba, kuni, na kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, ambapo familia nyingi zililazimika kuacha ngitili zao. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ardhi ilikuwa imebaki wazi kiasi cha kumshtua Mwalimu Nyerere alipofika. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na baada ya kujaribu miti mingi ya kupandwa, wenyeji wakarudi kwenye walichokijua: kufunga eneo, kuliacha lipumue, visiki vichipue vyenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilizorejeshwa zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Habari hiyo husimuliwa kama habari ya misitu, kuni, asali na mvua. Naisoma pia kama habari ya ng'ombe. Kivuli kizuri kinaweza kupunguza asilimia 30 au zaidi ya joto la mionzi linalomfikia mnyama, na kivuli cha mti ni bora kuliko cha bati. Bati lenyewe huwaka na kummiminia mnyama joto kutoka juu. Jani la mti hutoa mvuke na kujipoza. Mgunga wenye dari pana, mkwaju, mkuyu wa mtoni, mwembe wa nyumbani, yote haya ni miundombinu ya mifugo kwa haki ileile ya josho na lambo. Lakini tazama tunavyojenga malambo. Tingatinga huja, huchimba, huondoa kila mti uliokuwa pale, na kuacha tuta la udongo mtupu. Ng'ombe waliotembea kilomita nyingi hufika hapo saa sita mchana, wakanywa, na hawana pa kusimama. Kuacha miti 20 kuzunguka lambo hakuongezi gharama ya mradi hata shilingi. Kunahitaji tu mtu wa kumwambia dereva wa tingatinga asiiguse.

Pwani mambo ni mengine kabisa. Wataalamu hutumia kipimo kinachojumlisha joto na unyevu wa hewa, na ng'ombe wa maziwa wa Ulaya huanza kuumia kipimo kikifika 72. Anayetoa maziwa mengi huanza hata 68. Mchana wa nyuzi 32 katika hewa kavu yenye unyevu wa asilimia 30 kipimo hufika 77. Joto lilelile la nyuzi 32 likiwa na unyevu wa asilimia 75, hali ambayo wakazi wa Tanga wanaijua vizuri, hufika 85. Kipimajoto kimesoma namba moja, lakini jasho halikauki, na mnyama amefungiwa mlango wake wa mwisho. Ndiyo sababu wafugaji wa Tanga waliofanikiwa na chotara wa Friesian na Jersey huwalaza kwenye mabanda marefu yaliyo wazi pande zote, chini ya minazi na miembe, upepo wa bahari ukipita. Banda la kuta nne, lililojengwa kwa hofu ya wezi, humpika ng'ombe akiwa ndani.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye ndoo. Joto hufupisha muda wa jike kutafuta dume, mara nyingi ukapita usiku bila mtu kujua. Jike likishika mimba, kiinitete cha siku za mwanzo ni dhaifu mno kwa joto na hufa bila dalili yoyote. Mfugaji huona tu jike limerudia. Dume naye huhitaji korodani zake ziwe na ubaridi wa nyuzi kadhaa kuliko mwili, na kwa kuwa mbegu moja huchukua karibu miezi miwili kutengenezwa, dume aliyeungua mwezi wa kumi anaweza kuwa bado hafai mwezi wa kumi na mbili, wakati majani yamechipua na majike yako tayari. Zebu hustahimili zaidi hapo pia, lakini usiku ukianza kukosa ubaridi hata yeye hutikisika. Ng'ombe hujilimbikizia joto mchana na kulitoa usiku. Usiku usiposhuka chini ya nyuzi 21 hivi, anaamka na deni la jana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Food, wakiwamo watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, ulionyesha kwamba siku za joto hatari kwa mifugo ya Afrika Mashariki zitaongezeka karne hii inavyosonga.

Je, tubadili mbegu? Swali hili lilianza kujibiwa zamani pale Mpwapwa, mkoani Dodoma, ambako kituo cha utafiti cha serikali kilichanganya damu kwa miaka mingi hadi kupata ng'ombe aliyepewa jina la Mpwapwa mwaka 1958. Zaidi ya nusu ya damu yake ni Red Sindhi na Sahiwal, zebu wa maziwa wa upande wa India na Pakistani. Inayobaki ni zebu wetu na Boran, na kiasi kidogo tu cha damu ya Ulaya. Waliomuunda walielewa jambo tunalolisahau leo, kwamba maziwa yanaweza kuongezwa bila kuitupa ngozi inayojua jua. Kenya ilifuata njia hiyohiyo kwa Sahiwal wa Naivasha, ambao madume yao yamesambaa katika makundi mengi ya Wamasai. Mpwapwa hakubahatika hivyo. Wamebaki wachache, huku damu ya Friesian ikiuzwa hadi vijiji ambavyo havina maji ya bomba wala mti mmoja wa kivuli.

Nje huko sayansi inakimbia. Ng'ombe wa Senepol wa visiwa vya Karibi wana manyoya mafupi sana yanayowapa ubaridi, na mwaka 2014 watafiti walieleza badiliko la jeni linalosababisha hilo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliona kwamba ng'ombe waliohaririwa jeni ili wapate manyoya hayo hawana hatari ya kutisha sokoni. Siku moja mbegu hiyo itafika kwetu, na sioni ubaya. Lakini manyoya mafupi hayo zebu wa Mkalama, mkoani Singida, anayo tangu zamani, na hatujamalizia kumtumia.

Kituo cha mwisho cha maisha ya ng'ombe wengi wa nyika ni mnada, kisha lori. Kutoka Shinyanga hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ni karibu kilomita 1,000. Lori likitembea, upepo huwasaidia. Likisimama juani, kwenye mizani, kwenye kizuizi, dereva akila chakula cha mchana, joto hupanda ndani ya dakika chache kwa sababu miili imebanana na kila mmoja ni jiko. Nyama inayopotea njiani, pamoja na wanaokufa, ni fedha ya mfugaji na ya mnunuzi pia. Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na hoja ya kuitekeleza kwa ng'ombe wa lori ni nyepesi: wapakiwe jioni, wasafiri usiku, mizani iwapitishe kwanza kabla ya saruji na mbao, na wakifika mnadani wakute maji na paa au miti. Katika minada mingi niliyopita, kivuli pekee kilikuwa cha wakata tiketi.